Mizizi ya Upande wa Bustani

Pemble, Tasmania
Jumapili, 4 Juni 1961

Mdogo wangu Clem,

Natumaini u mzima huko kisiwani kwako na mnara wako wa taa, na kwamba safari hii mashua ya posta haikukuletea tena gunia la watu wengine. Sisi huku tumelowa. Tangu Mei ianze mvua haijatupa nafasi ya siku mbili kavu zikifuatana, na bustani ya Baba imekuwa dimbwi. Kabichi zinaoza kuanzia chini. Karoti nikizing'oa zinatoka na matope, zinanuka. Na siku mbingu ikitakata, asubuhi yake ni jalidi, nyasi zote nyeupe, na maharage yamelala chini.

Nimechoka kuilaumu mbingu. Kipupwe hiki nabadilisha bustani nzima. Matuta yote nitayainua kwa mbao mpaka usawa wa magoti. Kitunguu saumu nitakipanda kule juu, na ni lazima kiingie ardhini kabla ya ile siku fupi kuliko zote za mwaka, tarehe ishirini na moja, unajua mwenyewe. Halafu nitachimba mfereji kutoka kwenye tangi, upite nyuma ya mkaratusi, ushuke mpaka kijitoni. Futi mbili kwenda chini. Usicheke, mgongo wangu ni mzima kuliko wako.

Nina habari njema pia. Joyce wangu amejifungua salama, binti, wamemwita Lorna. Mumewe Keith bado yuko milimani wanakojenga bwawa, na kambi yao ni matope matupu, si mahali pa mzazi. Kwa hiyo Joyce anakuja kukaa kwangu na mtoto hadi Septemba. Nimewaandalia chumba cha nyuma, kile ulicholala wewe ukiwa mdogo, chini ya mkaratusi. Ndicho kikavu kuliko vyote.

Niambie unapanda nini huko.

Dada yako,
Una

*

Mnarani
Jumatatu, 19 Juni 1961

Dada Una,

Mashua imefika leo, na mabaharia wamekubali kunywa chai kidogo, kwa hiyo naandika haraka. Hongera bibi. Mwambie Joyce mjomba wake amefurahi sana.

Mimi ninapanda kabichi nne tu, nyuma ya ukuta wa mawe, maana upepo wa chumvi unaunguza kila kinachochungulia. Mkuu wangu, Bwana Maddern, anazihesabu kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la hali ya hewa. Ndiyo burudani tuliyo nayo.

Kuhusu mfereji wako. Usiupitishe nyuma ya mkaratusi. Upitishe mbele ya banda la kuku, hata kama njia ni ndefu. Baba alikataza jembe lisifike pale, bila shaka unakumbuka. Alisema mti ule ni ukuta wetu dhidi ya upepo wa kusini magharibi, na mtu hachimbi chini ya ukuta wake. Tena udongo wa pale ni wa baridi, kitunguu chako kitachelewa. Nadhani hizo ni sababu za kutosha.

Na Joyce, kwani lazima alale chumba kile? Chumba cha mbele kina dirisha zuri.

Wananiita. Fanya kama nilivyokwambia, dada, tafadhali.

Clem

*

Pemble
Jumatatu, 26 Juni 1961

Clem,

Tangu lini udongo wa pale ukawa wa baridi? Umekaa na mnara miaka mingi mpaka unadhani kila mtu ni meli inayongoja kuelekezwa. Mkubwa hapa ni mimi, na aliyevaa gambuti matopeni ni mimi.

Barua yako ilinikuta nimeshafika nusu, na sasa nimemaliza. Ungeyaona maji yanavyokwenda. Siku ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi kidogo, leo ni safi na yanakimbia kuelekea kijitoni. Kitunguu saumu kiko ardhini tangu tarehe ishirini. Mbao za matuta nimezipata kwa Bwana Hurrell, yule wa kiwanda cha mbao, akataka kujua kama najenga nyumba.

Mizizi nimekutana nayo, sikufichi. Upande wa banda la kuku ilikuwa mingi, na miwili minene kama paja la mtu. Niliikata kwa shoka la Baba, kazi ya asubuhi mbili. Kilichonishangaza ni upande wa kwenye viazi. Pale sikukuta mzizi wowote wa maana, udongo laini tu, na vipande vyeusi vilivyooza zamani. Basi nikasema moyoni, kama mti umeishi miaka yote hii bila mizizi upande ule, basi utaishi hata bila hii niliyoikata mimi.

Joyce amefika na Lorna. Mtoto ana mapafu ya dalali wa mnada. Wako chumba cha nyuma na wamekipenda. Chumba cha mbele kinavuja, ungekuja nyumbani mara nyingi ungejua.

Usinune.

Una

*

Mnarani
Jumanne, 11 Julai 1961

Dada Una,

Mashua imekuja leo lakini haikuthubutu kufunga. Mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka kwenye ngazi. Walitutupia gunia kwa kamba wakageuza, nikabaki nimesimama na barua yako mkononi na sina mtu wa kumpa jibu. Naandika hata hivyo. Itakaa kwenye mfuko wa posta mpaka bahari iwe na huruma.

Nimeisoma mara tatu pale uliposema hukukuta mizizi upande wa viazi. Una, mizizi ilikuwepo. Niliikata mimi.

Ilikuwa mwaka 1924, nina miaka kumi na tisa. Baba alikwenda kukata manyoya ya kondoo kwa wiki tatu akaniachia bustani. Nikataka akirudi ashangae, nikapanua shamba la viazi mpaka chini ya mti. Nilikutana na mizizi mitano. Nikaikata kwa msumeno, nikaifukia, nikapanda juu yake. Viazi vile ndivyo vilivyochukua zawadi ya kwanza kwenye maonyesho. Baba alinishika bega mbele ya watu wote. Ningesemaje hapo?

Mwaka uliofuata mti ulianza kuegemea nyumba. Kidogo tu. Baba alisema ni upepo, na tangu hapo akakataza jembe lisifike pale, nami nikamwacha aamini hivyo mpaka tukamzika.

Sasa sikiliza. Mti ule unaegemea chumba cha nyuma. Kinachouzuia usilale juu yake ni mizizi ya upande wa bustani, inauvuta kama kamba inavyomvuta ng'ombe. Nusu ya kamba hizo nilizikata mimi. Nusu nyingine umezikata wewe. Hakuna kinachoushikilia, Una, ila uzito wake na mazoea.

Na mwezi uliopita ningeweza kukwambia hayo. Mashua ilikuwa gatini, kalamu ilikuwa mkononi, nikaandika habari za udongo baridi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanasema habari za wagonjwa.

Jumatano, naendelea

Asubuhi hii nilikwenda kwenye redio ya upepo. Unajua utaratibu wetu. Redio ni ya hali ya hewa na meli zenye shida. Habari za nyumbani hazisemwi, kwa sababu pwani nzima inasikiliza: mashua za wavuvi wa kamba, minara yote, na akina mama majikoni kwao. Bwana Maddern aliniruhusu sentensi mbili, akasimama nyuma yangu kuzihesabu.

Nilisema: Mwambieni dada yangu Una Garwood wa Pemble atoke chumba cha nyuma yeye na Joyce na mtoto, leo hii. Mama anayepokea simu kwenye kituo cha redio cha pwani akauliza, kwa sababu gani, mnara? Nikaifungua midomo. Nikasikia pumzi za watu wote wale kwenye mawimbi, wengine walikuwepo kwenye maonyesho yale. Nikasema, asiulize sababu, afanye tu.

Nilijiona nimefanya kazi ya mwanamume. Sasa ni jioni na sioni hivyo. Lakini umeambiwa, na hilo ndilo kubwa. Toka, dada.

Clem

*

Pemble
Jumamosi, 15 Julai 1961

Clem,

Natuma barua hii ingawa naambiwa hakuna mashua. Sijui utaipata lini, wala sijui kama nataka uipate.

Jumatano saa nne Dot Pybus, jirani yangu, alikuja mbio kwenye mvua amevaa koti la mumewe. Yeye hushinda na redio yake akisikiliza mashua. Akaniambia, "Una, mwenzangu, mdogo wako kachanganyikiwa huko kisiwani. Anasema mtoke chumba cha nyuma, na hataki kuulizwa."

Nikamwuliza, "Kwa nini?"

"Ningejua kwa nini ningekaa kwangu na chai yangu."

Joyce alikuwa ananyonyesha. Akainua uso akasema, "Mama, mjomba anakunywa?" Nikamwambia hunywi. Akasema, "Basi aanze, ili tuwe na jibu la kuwapa watu."

Dukani wananiuliza kama chumba changu cha nyuma kina mzuka. Bwana Hurrell alicheka mpaka akakaa. Na mimi nacheka nao, Clem, halafu nikirudi nyumbani sicheki tena. Maana wewe si mtu wa kusema maneno redioni. Wewe hata harusi ya Joyce uliipongeza kwa barua ya mistari mitano.

Tumehamia jikoni sote watatu. Tunalala chini, godoro kando ya jiko. Upepo wa Alhamisi ulitikisa bati zote, nami sikufumba macho. Nilikuwa nahesabu kati ya kishindo kimoja na kingine kama mtu anayehesabu radi. Mti nimeutazama. Uko vilevile.

Nimemwomba Bwana Hurrell aje aukate. Anasema ardhi ikikauka, sasa hivi lori lake litazama. Yeye anadhani ni wazee wawili wameogopeshana.

Niambie ni kitu gani unachokijua. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni. Ukinificha mimi utamwambia nani?

Una

*

Pemble
Jumapili, 23 Julai 1961

Clem,

Hakuna barua kutoka kwako. Wanasema bahari bado.

Huku mvua imekata tangu Alhamisi. Usiku ni jalidi, mchana ni jua, hakuna hata upepo wa kuzima kiberiti. Leo nimepogoa mawaridi. Kitunguu saumu kimechomoza, vidole vya kijani mstari mzima, na mfereji unakwenda kazi yake. Ningekuwa na furaha kama ningejua namna.

Joyce amerudi chumba cha nyuma mchana. Usiku bado analala nasi jikoni, hilo nimemshinda. Lakini anasema mgongo umekufa kwa kulala chini, mtoto anakohoa moshi wa jiko, na upepo wenyewe haupo. Akaniuliza, "Mama, nipe sababu moja. Moja tu, na nitakaa jikoni mpaka Krismasi."

Nimemwambia sina. Ningekuwa na sababu ningempa.

Bwana Hurrell ameahidi Ijumaa. Siku tano.

Una

*

Mnarani
Jumatano, 26 Julai 1961

Dada Una,

Barua yangu ya tarehe kumi na moja bado iko mfukoni, na hii inaifuata. Bwana Maddern anasema mashua itajaribu keshokutwa.

Leo nimesema. Siku kumi na nne nimekuwa nikienda chumba cha redio, nasimama mlangoni, narudi kwenye kabichi zangu. Najipa moyo kwamba umeshatoka chumbani, kwamba Una si mjinga, kwamba sababu haiongezi kitu. Jana usiku nikajiuliza, Una akiulizwa sababu na Joyce atajibu nini? Sikulala tena.

Asubuhi nikakaa kwenye kiti bila ruhusa ya mtu. Nikasema yote, mbele ya mashua zote na minara yote. Mizizi mitano, viazi, zawadi, Baba, na miaka thelathini na saba. Nikasema na mfereji wako pia, nisamehe, ilibidi waelewe. Nikasema mti ule hautangoja upepo, utaanguka wenyewe, mtu yeyote aliye karibu na Pemble aende sasa. Bwana Maddern alikuwa nyuma yangu. Hakuhesabu sentensi.

Nikaachia kitufe. Halafu yule mama wa kituo akasema taratibu, "Bwana Garwood, mti umeanguka jana asubuhi."

Nikamwuliza, juu ya nani. Akasema hajui. Alichosikia ni kwamba gari la wagonjwa lilitoka Hobart, na wanaume walikuwa na misumeno. Nikamwuliza tena na tena mpaka Bwana Maddern akanitoa kwenye kiti.

Tangu saa tatu sijui niandike kwa nani. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe niliyezoea kumwandikia. Kama hupo, anayeisoma hii ni Joyce. Kama Joyce hayupo, sitaki kuandika zaidi.

Niambieni ni nani.

Clem

*

Hobart
Jumatano, 2 Agosti 1961

Clem,

Ni Joyce. Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usisome mengine umesimama.

Barua zako mbili zimefika pamoja jana, Dot ameniletea hapa hospitali. Nimezisoma kwenye benchi la nje, ya kwanza kwanza.

Ilikuwa Jumanne kama saa tatu. Hapakuwa na upepo, na jalidi ilikuwa inayeyuka. Lorna alikuwa ndani ya kigari chake ukutani pa jikoni anaota jua, nami nilikuwa naye. Joyce akaingia chumba cha nyuma kuchukua nepi. Mti haukutoa kishindo kwanza. Ulitoa sauti kama mtu anayeinuka kitini kwa shida. Nilikuwa na nafasi ya kuita jina lake mara moja.

Boriti la dari lilimbana kiunoni. Bwana Hurrell na wanawe walikata matawi kwa muda wa saa nzima, Joyce akiongea nami kupitia dirishani, ananiuliza kama mtoto amefunikwa. Nyonga imevunjika mahali pawili. Daktari anasema atatembea, ila hasemi lini wala vipi. Keith amefika. Lorna ananyweshwa chupa na haipendi.

Nimekukasirikia, Clem, sitakudanganya. Nilikuwa nimekaa pale benchini na tarehe zako mkononi. Tarehe kumi na tisa Juni, mashua gatini. Tarehe kumi na mbili Julai, redio kinywani. Mara mbili uliletewa mlango wazi. Nilitaka kuzitupa barua zako kwenye jiko la wodi.

Kisha nikakumbuka yangu.

Nilikuandikia kwamba mti uko vilevile. Haukuwa vilevile. Siku ile Dot alipokuja, nilikwenda kuutazama, nikakuta ardhi ya upande wa bustani imepasuka, ufa wa kuingia vidole viwili, umefuata mfereji wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajua ni mimi. Nikaona aibu mbele ya kuku. Nikaujaza udongo kwa beleshi, nikaukanyaga kwa gambuti, nikatandaza majani makavu juu ili Joyce asiuone. Na aliponiomba sababu moja, moja tu, sababu nilikuwa nimeisimamia kwa miguu yangu miwili. Nikamwambia sina.

Kwa hiyo usije hapa kupiga magoti peke yako. Mkurugenzi wenu wa minara amepewa habari, nimesikia unaruhusiwa kushuka na mashua ijayo. Nyumba haina chumba cha nyuma tena, utalala cha mbele, kile kinachovuja. Bustani nzima sasa iko juani, pande zote, na sijaweza kuitazama.

Jambo ni hili. Joyce hajui. Hajasikia redio na hakuna aliyemweleza. Kila anayekuja kumwona anamwambia ni mvua, mvua nyingi namna hii haijawahi kutokea, hata miamba ingeanguka. Naye anaitikia, anasema ndiyo, ni mvua, na ananishika mkono kunituliza mimi. Nami nakaa pale nimempakata mtoto wake.

Njoo upesi. Usiniache niseme peke yangu.

Dada yako,
Una